Kumi na Saba wa Jumatano

Kiti cha kungojea hakikuwa na kosa lolote. Kilikuwa na miguu minne, mto wa sponji na mahali pa kuegemea. Lakini Fundi Vioo alikikalia akainuka, akakikalia tena akainuka, na mara ya nne msichana wa mapokezi akamuuliza kwa upole kama anatafuta choo. Akasema hapana, ananyoosha mgongo. Mgongo gani, jamani. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane, mzee wa kanisa, aliyezoea kupanda ghorofa nne na kioo begani, alikuwa anaogopa mlango.

Kwa usiyemjua, ni yule mrefu mwenye karakana ya vioo nyuma ya kituo cha mafuta, mkono wa kushoto umejaa makovu madogo madogo. Sauti yake ukiisikia mara moja huisahau, na ndiyo iliyomfanya awe kiongozi wa kikundi cha maombi cha Jumatano. Huanzia chini, hupanda taratibu, humtaja kila mgonjwa na ugonjwa wake na kila msafiri na safari yake, mpaka mwenye shida anajisikia nafuu kabla hata hajajibiwa. Miaka kumi na mmoja ameongoza kikundi kile, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaongea sana. Nani angethubutu? Mtu hakatizwi akiwa anazungumza na Mungu.

Upande wa pili wa sauti ile aliujua mkewe peke yake. Nyumbani Fundi hakuwa mtu wa ugomvi. Hakuwahi kuinua mkono wala kutukana. Akikereka, alisubiri chakula kiwekwe mezani, akafumba macho, akaanza: Baba, mkumbushe mama wa nyumba hii kwamba shati jeupe halifuliwi na soksi. Baba, mpe mtumishi wako huyu uvumilivu, maana unamwona anavyojibiwa. Sasa mke atajibu nini hapo? Mwisho wa yote ni Amina tu. Miaka thelathini mwanamke yule alisutwa kwa njia ya mbinguni, na chakula kinapoa mbele yake.

Sasa hakuwepo tena wa kusutwa. Wiki tisa zilikuwa zimepita tangu afunge sanduku akaenda kwa dada yake, upande wa pili wa mji. Ujumbe uliletwa na huyo dada mtu, shemeji asiyejua kupaka maneno asali. Mwenzako anamwona mshauri nasaha, akasema, mtu wa imani lakini aliyesomea kazi hiyo. Na wewe unatakiwa uende, mara nne peke yako. Mara ya tano atakuja yeye, na hapo ndipo atakwambia kama anarudi nyumbani au anatuma watu wachukue nguo zilizobaki. Shemeji alimaliza akaondoka bila hata kunywa maji, na Fundi akabaki amesimama sebuleni.

Ndiyo maana kiti kile kilimwasha.

Alikuwa amejiandaa kwa mambo mawili. La kwanza, atakutana na mchungaji mdogo aliyevaa sketi, atamkaripia kwa maandiko, naye alikuwa na maandiko yake kumi na manne ameyaorodhesha kwenye karatasi mfukoni. La pili, atakutana na msomi wa kumuuliza alilelewaje na mama yake, halafu aidharau imani yake chini kwa chini. Kwa hilo alikuwa amekunja uso tangu nyumbani. Alichokuta ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vya chini, sauti ya kawaida kabisa. Rafuni kulikuwa na Biblia iliyochakaa kwa kusomwa, ukutani cheti cha chuo, mezani saa ndogo na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Lile boksi hakulipenda.

Mshauri alimweleza utaratibu. Watakaa dakika hamsini. Yeye si hakimu, hatatoa hukumu nani ana haki na nani hana. Hatampa dawa, na akiona anahitajika daktari atasema. Anaamini Mungu, na haoni haya kusema hivyo, lakini kusali hakutachukua nafasi ya kazi waliyoijia. Kisha akasema jambo ambalo Fundi alilisikia kwa sikio moja tu siku ile.

"Yanayosemwa humu yanabaki humu, baba. Labda maisha ya mtu yawe hatarini. Na hata hapo nitakwambia kwanza namwendea nani na kwa nini."

Fundi akauliza kama mchungaji ataletewa taarifa. Akajibiwa hapana. Hata kwa ufupi tu? Hata kwa ufupi. Hilo halikumpendeza, maana kwake mchungaji ni baba wa wote, na baba hafichwi. Akamuuliza mkewe amesema nini alipokuja. Mshauri akasema hayo ni yake, kama haya yatakavyokuwa yako. Yeye ni mume, kaoa kihalali mbele ya watu, halafu binti wa juzi anamwambia hayo ni yake.

"Sala ipo ukiitaka," mshauri akaendelea. "Mwanzoni, mwishoni, au isiwepo kabisa. Uamuzi ni wako."

Nusura acheke. Kumuuliza yeye, wa Jumatano! Akasema mwanzoni, na ataongoza mwenyewe, mwanangu, usijali. Akafumba macho akaachia sauti. Akaiombea ofisi, akaliombea jengo na wapangaji wake wote, akawaombea wazazi wa mshauri ambao hakuwajua, akaenda kwenye mataifa, akarudi kwa mkewe. Huko alikaa sana: umlainishe moyo, Baba, umfundishe kusamehe, umwondolee kiburi kilichomwingia. Alipofika Amina, mshauri naye akasema Amina, akaitazama saa.

"Tumebakiza dakika kumi na tisa, baba. Ningependa sasa tuzungumze sisi wawili."

Dakika kumi na tisa zile alizitumia kulitazama dirisha. Kioo kimoja kilikuwa kimelegea, kila gari kubwa likipita chini kinatetemeka. Alimweleza mshauri kwa kirefu juu ya pati inayoshikiza kioo kwenye fremu, ilivyokauka, na misumari midogo ilivyooza, muda ukaisha. Akashuka ngazi anajiona mshindi. Alipofika karakana, ushindi ulikuwa umeshamtoka na hakujua umepotelea wapi.

Sasa nikwambie kosa lenyewe lilikuwa nini. Nina ruhusa ya wenyewe wawili, mume na mke, vinginevyo ningefunga mdomo.

Mkewe alikuwa mtoa dawa katika duka la dawa, miaka kumi na tisa kwenye kaunta ileile. Wazee walikuwa wanampita mwenye duka wakamfuata yeye, kwa sababu aliwaandikia kwa herufi kubwa asubuhi vidonge vingapi na jioni vingapi. Mwaka ule kifunga mimba wao aliondoka kwenda kusoma mbali, na nyumba ikawa kimya. Mama akakosa usingizi, akakonda. Siku moja, saa ya kuanika nguo, alimwita mumewe juu ya paa la nyumba yao, akamwambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu: kwamba kuna siku anasimama pale na beseni mkononi, anatamani kusiwe na kesho. Alikisema polepole, huku anabana shuka kwa vibanio, akalia kidogo. Kisha akasema afadhali amesema, na akamwomba abaki nacho.

Fundi aliogopa, na hilo tumpe. Akamkumbatia, akamwahidi. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano, kikundi kikafika sehemu ya mahitaji ya maombi, naye mwenye sauti yake akasimama mbele ya watu kumi na saba akasema lote: paa, beseni, kusiwe na kesho. Akaomba akalia, nao wakalia naye. Alirudi nyumbani moyo mwepesi, akiamini amemtua mkewe mzigo.

Jumapili yake, mlangoni mwa kanisa, mama mmoja alimshika mkewe mikono yote miwili akamwambia usikate tamaa, una watoto. Mwingine akamkumbatia kwa muda mrefu. Wa tatu akamuuliza siku hizi nani anamsaidia kuanika nguo. Jumatatu mwenye duka la dawa, ambaye naye ni mmoja wa wale kumi na saba, akamtoa kaunta akampeleka stoo kupanga maboksi. Alimwambia upumzike kwanza, mama, tunakupenda. Hakuna aliyesema wazi kwamba anaogopwa kukaa karibu na dawa. Ilieleweka hivyohivyo.

Alirudi nyumbani mchana huo akamkuta mumewe anakula. Hakupiga kelele.

"Uliniombea," alimuuliza, "au ulinitangaza?"

Fundi alianza kueleza habari za nguvu ya wengi wakiomba pamoja. Alipomaliza, sanduku lilikuwa tayari limefungwa.

Basi, mara ya pili kwa mshauri, Fundi alikwenda na pati. Unacheka? Alikwenda na kopo la pati, misumari na kisu cha kukwangulia, akaomba kabla hajakaa amalizie kile kioo, kinamkera. Mshauri akamtazama kidogo, akasema sawa, wakati unafanya tutazungumza. Na kweli, alipompa kisogo, mikono ikikwangua pati kuukuu, mdomo ulifunguka. Alieleza siku ya paa. Alieleza Jumatano. Alieleza alivyoogopa, na kwamba mtu mwenye imani akiogopa anakimbilia wapi kama si kwa Mungu?

Mshauri akasema kuogopa lilikuwa jambo la haki kabisa, na kutafuta msaada hakukuwa kosa. Mtu akisema neno kama lile halifungiwi kabatini. Angeweza kumpeleka kwa daktari siku ileile, akamshika mkono mpaka mlangoni. Angeweza kumwita dada yake, mama mwenyewe akiwepo, akijua nani anaambiwa nini. Kisha akauliza swali moja.

"Wakati unamwambia Mungu, wale kumi na saba walikuwa wa nini?"

Kisu kikasimama kwenye fremu. Fundi aligeuka, uso umemwiva. Alisema maneno makali juu ya watoto wadogo wanaowafundisha wazee kusali, akakusanya vifaa vyake, akatoka dakika ishirini kabla ya muda. Kopo la pati alilisahau dirishani.

Wiki ile aliharibu kazi. Kioo hupigwa mstari mara moja tu. Mkono unashuka na kisu, unasikia kinavyokwaruza, unabonyeza, kinakatika. Ukiurudia mstari juu ya ule wa kwanza kinapasuka kinavyotaka chenyewe. Hilo analijua tangu hajaoa. Siku mbili baada ya kumkimbia mshauri, kwenye kioo kirefu cha duka la mshonaji, alirudia mstari, na kikafa mikononi. Akakata kingine akarudia tena. Alikaa juu ya kreti akajiuliza anaumwa nini. Akala wima, akalala na viatu, akamka akafagia karakana ambayo ilikuwa safi. Swali la mshauri lilimfuata kila alikokwenda, na kila akilijibu lilirudi palepale.

Alirudi kwa mshauri mara ya tatu kwa sababu moja tu: ikikosekana ya tatu haipo ya tano. Hakusali siku hiyo. Alikaa, akainuka, akakaa. Kopo lake lilikuwa bado dirishani, na mshauri hakutaja ghadhabu ya wiki iliyopita wala kumwomba radhi. Walizungumza juu ya meza ya chakula na sala zake za mezani. Mshauri alimuuliza mkewe alikuwa anajibu nini, na Fundi akasema Amina, kisha akasema kwamba siku za mwisho hata Amina hakuwa anasema. Alikuwa amelisahau hilo. Au alikuwa ameamua kulisahau.

Alipokuwa anashuka ngazi akagongana macho na muimba sauti ya kwanza wa kwaya yao, ambaye anauza kwenye duka la madaftari pale chini. Wakasalimiana. Mama yule alitazama ngazi, akatazama kibao cha mshauri, akamtazama Fundi, akatikisa kichwa kwa huruma.

Jumatano ikafika. Fundi aliongoza nyimbo, akafungua sehemu ya mahitaji ya maombi kama kawaida yake. Muimbaji akanyoosha mkono.

"Nina hitaji zito, ndugu zangu," akasema. "Ni la kiongozi wetu mwenyewe. Nyumba yake inayumba. Nimemwona kwa macho yangu akishuka kwa mshauri, ameinamisha kichwa, hana raha. Tumzunguke."

Wakamzunguka. Mikono mabegani, mkono kichwani, mkono mgongoni, hata hakuweza kuinuka. Mwenye duka la dawa akaongoza, akaomba vizuri sana, akataja kitanda kilicho baridi na mwanaume anayekula peke yake. Kuna sauti ya mwanamke ilikuwa inalia nyuma ya sikio lake. Na wote walikuwa wanampenda, hapo ndipo palipouma. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Kijasho chembamba kilimtoka kuanzia kwenye masikio mpaka kiunoni. Ilipofika Amina, kumi na saba waliisema kwa pamoja, na yeye ulimi ukakataa.

Jumapili alipita katikati ya viti akihisi kila jicho limempanda. Wawili wakinong'ona, ni yeye. Mtu akicheka, ni yeye. Mmoja akamuuliza kwa upole kama anakula vizuri. Baada ya ibada mchungaji akamshika bega, akamwambia wamezungumza, wameonelea aachie kikundi kwa muda. Upumzike kwanza, mzee, akasema, tunakupenda.

Fundi alisimama kwenye ua wa kanisa, jua la saa sita linamchoma utosini, asiende popote. Upumzike. Tunakupenda. Kwa mara ya kwanza alimwona mkewe akiwa stoo, katikati ya maboksi, miaka yake kumi na tisa ya kaunta imefungiwa mlango kwa neno zuri. Nasema alimwona kwa sababu hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe. Na kitu kingine kikamwingia akilini, kidogo lakini kikamkaa: katika yote yaliyokuwa yanazungumzwa juu yake pale kanisani, hakuna hata tone lililotoka kwenye kile chumba. Aliyoyasema akikwangua dirisha, mambo ya aibu kuliko yote, hayakuwa yamefika popote. Yalikuwa palepale alipoyaacha, pamoja na kopo lake la pati.

Mara ya nne alifika mapema, akaingia, akasema kabla hata hajakaa kwamba wamemwambia apumzike. Akalia. Alilia kwa sauti ileile kubwa, mpaka msichana wa mapokezi akaongeza redio kidogo, maana ndiyo kazi ya redio ile. Lile boksi la karatasi laini alilitumia karibu nusu. Alipotulia alimwomba mshauri ampe maneno ya kumwambia mkewe wiki inayofuata, ayaandike vizuri, ayakariri. Mshauri akasema maneno hana. Ila anamkumbusha kwamba atakayekuwa amekaa kwenye kile kiti pale ni mkewe, si mwingine. Fundi akakitazama kile kiti kitupu kwa muda mrefu.

Na siku ya tano ikafika. Mama aliingia na dada yake, dada akabaki nje. Alikuwa amenenepa kidogo, amesuka, na Fundi alifurahi na akaumia kwa wakati mmoja, kwa sababu alinawiri mbali naye. Mshauri aliwauliza wote wawili kama wanataka kuanza kwa sala. Mume alimtazama mke. Mke akasema hapana, leo hapana. Ikawa hapana.

Fundi akakohoa, akafuta viganja kwenye suruali, akainuka nusu, akakaa. Akafumba macho. Na kabla hajajua anafanya nini, ile sauti ikaanzia chini kule inakoanzia: "Ee Baba, unamjua mtumwa wako, unaijua toba ya moyo wangu mbele ya mke uliyenipa..."

"Fumbua macho," mkewe akasema. "Mimi niko hapa."

Akayafumbua. Miaka thelathini, na alikuwa hajawahi kumwambia jambo gumu akiwa anamtazama. Alitaka kukimbia. Alitazama dirisha, akalitazama boksi, mwishowe akamtazama mkewe, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya Jumatano. Ilikuwa nyembamba na inakwama.

"Uliniomba nibaki nacho, sikubaki nacho. Niliogopa, nikakupeleka kwa watu. Nimekutoa kaunta mimi. Na miaka yote ile mezani nilikuwa nakugombeza halafu nafunga na Amina ili usijibu." Akapumua. "Nijibu sasa."

Naye akajibu. Alijibu kwa muda mrefu, na mengine yalikuwa ya kukata maini: habari za stoo, habari za mikono ya watu mlangoni mwa kanisa, habari za shati na soksi. Fundi alisikiliza lote. Mara mbili alifungua mdomo ajitetee, mara mbili akaufunga. Mshauri alisema machache, karibu hakusema. Gari kubwa likapita chini na dirisha halikutetemeka upande mmoja; upande ambao hakuumaliza ulitetemeka kidogo.

Dakika zikiwa zinakaribia kwisha, mama akasema hajaamua. Anaendelea vizuri, daktari anamwona, usingizi umerudi. Ila kurudi katika nyumba ile ni kurudi kwa mdomo ule, na mdomo ule haujui bado kutunza neno. Kwa hiyo atafanya jambo moja. Atamwambia mumewe kitu kingine, kimoja, ambacho hajamwambia mtu yeyote, si dada, si daktari. Akamgeukia mshauri akamwomba atoke kidogo. Mshauri akaufunga mlango taratibu. Mama akamsogelea mumewe, akamwambia, maneno kama kumi hivi. Akachukua mkoba wake akaenda kwa dada yake.

Kazi ikaanza. Mchungaji alikuwa amempumzisha kuongoza, si kuhudhuria. Jumatano ya kwanza walimuuliza mama anaendeleaje, alete hitaji lake walibebe. Fundi alisikia lile jambo limempanda mpaka kooni, linasukuma. Akajikaza kisabuni. Akasema hali ya mama aulizwe mama mwenyewe. Wakashangaa, muimbaji akanong'ona kwamba moyo umekuwa mgumu, na mwenye duka la dawa akapendekeza waombe kwa jumla. Jumatano ya pili hivyohivyo. Ya tatu akaambiwa kwa huzuni kwamba wanaomficha Mungu wanajificha wenyewe, naye akakunja karatasi ya nyimbo vipande vinane. Usiku hakulala, mchana hakutulia, akamaliza kazi za watu kabla ya tarehe kwa kukosa pa kuipeleka mikono. Alimwambia Mungu, ndiyo. Lakini alimwambia kimoyomoyo, jikoni, amesimama, kwa maneno mafupi.

Jumatano ya nne, jioni jua halijazama, simu yake ikalia akiwa anatoka kikundini. Alikuwa mkewe, mara ya kwanza kumpigia mwenyewe.

"Walikuuliza leo?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nilisema uulizwe wewe."

Akasikia upande wa pili vyombo vinasogezwa. Kisha akaambiwa aje Jumamosi asubuhi na gari la kubebea vioo, maana sanduku limekuwa mawili, na aje na blanketi la kutandika chini, lile gari linarusha.

Amerudi. Mezani sasa hakuna anayeongoza sala peke yake. Leo huyu, kesho yule, na ni fupi. Kaunta hajarudishiwa, hilo bado wanapigana nalo, na amekwisha kuomba kazi duka lingine. Wakigombana wanagombana macho makavu, na wakati mwingine majirani husikia.

Lakini nakuona unavyonitazama. Unataka kujua yale maneno kumi. Nami nilimuuliza Fundi, nisikudanganye, nilimuuliza mara mbili, mimi ninayemjua tangu ujana wake. Alichukua kisu chake, akapiga mstari kwenye kioo mara moja tu, akakibonyeza kikakatika, akaniambia nipite upande ule nisijikate.

Sijui mpaka leo.